Feni zinazunguka ila skrini nyeusi tii

Pole mkuu. Kwa hiyo umeunga kompyuta mpya yenye prosesa ya Ryzen 5 5600, taa zinawaka, feni zinazunguka, ila skrini haioneshi kitu. Usirudishe chochote dukani kwanza.

Waya wa HDMI umeuchomeka wapi? Kama ni kule juu karibu na matundu ya USB basi tatizo ndo hapo hapo, maana hiyo prosesa haina grafiki ndani yake, lazima uchomeke kwenye kadi ya grafiki yenyewe. Na kadi kama ina tundu la umeme angalia limechomekwa.

Bado? Ramu. Zima, chomoa umeme ukutani, acha moja tu kwenye tundu la pili kutoka kwa prosesa, kandamiza mpaka ilie "ta", mi yangu niliona imekaa kumbe upande mmoja umenyanyuka kama milimita moja hivi, nikahangaika usiku mzima 😅. Cheki pia waya wa pini 8 wa prosesa, juu kwenye kona ya bodi (ule ubao mkuu unaobeba kila kitu), wengi wanausahau na feni zinazunguka vilevile.

Bodi kama ni B450 ya zamani inaweza isiitambue hiyo prosesa mpaka BIOS (programu ya bodi inayoanzisha mashine) isasishwe, hapo tafuta fundi. Pawa saplai (kile kiboksi cha umeme) usiifungue kabisa, inabaki na umeme hata ukiichomoa.

Bodi nyingi zina vitaa vidogo vimeandikwa CPU (prosesa), DRAM (ramu), VGA (grafiki), kinachobaki kinawaka ndo kinaonesha tatizo liko wapi. Kwako kipi kinabaki kinawaka?