Nimeokota kuku wa tenga, mama mwenye nyumba anataka nimchinje

"Shikamoo Shangazi. Mi ni kijana wa miaka 23, nimepanga Kizota hapa Dodoma. Juzi jioni nikitokea Nala nimekuta kuku jike pembeni ya barabara, nadhani alidondoka kwenye tenga juu ya basi la Singida. Mgongo hauna manyoya, kajikunja, anafumba macho, kinyesi cha kijani na cheupe, chakula hagusi. Nimemuweka kwenye boksi chumbani. Mama mwenye nyumba ana kuku 14 uwani, anasema nimchinje tule kabla hajafa, wenzangu wananicheka eti nalilia kuku. Sijawahi kufuga. Nakosea? Na nifanyeje asife?"

Marahaba mwanangu. Hujakosea, na usione aibu hata kidogo. Hao kuku wa Singida nawaonaga kila nikisafiri, wamebanwa kwenye matenga, vichwa vimetokeza kwenye fito, midomo wazi, jua lao na upepo wao mpaka Dar. Kwahiyo huyo wako hata kabla ya ugonjwa ana kiu na njaa na uchovu, tuanzie hapo, dawa baadae.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi kwenye barua yako ni wale 14. Huyo wako anaweza kuwa na mdondo, ambao wengine wanaita kideri, ni ugonjwa wa kuku unaoletwa na kirusi, unabebwa na mikono, viatu, hata kopo la maji. Mi niliwahi kununua jogoo mnadani, mzuri anang'aa, nikamuachia na wenzie siku ileile kwasababu nilimuona mzima, haikuisha wiki mbili kila asubuhi nafungua banda naokota waliokufa, wa mwisho alikuwa mtetea anaatamia, nilimkuta kafa juu ya mayai yake. Naumia mpaka leo. Kwahiyo huyo akae humohumo chumbani, wiki mbili ndo kidogo kabisa, nne ni bora, awe na kopo lake, viatu vya humo usitoke navyo uwani, na kila ukimshika nawa kwa sabuni, usiguse macho.

Sasa yeye mwenyewe. Maji ya uvuguvugu lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko, mpe leo na kesho tu alafu rudi kwenye maji ya kawaida. Kama hanywi mwenyewe usimkamate ukammiminia mdomoni, tundu la kupumulia lipo palepale nyuma ya ulimi, utamzamisha. Chovya kidole, dondoshea tone pembeni ya mdomo, subiri ameze, ndo lingine. Ni kazi ya subira, yani unakaa chini kabisa na yeye mapajani. Na usiku mpe joto, chupa ya maji ya moto ifunge na kanga uiweke upande mmoja wa boksi ili akizidiwa joto aweze kusogea. Baridi ya Dodoma usiku unaijua, na yeye mgongo uko wazi.

Akishakunywa mjaribu na uji mwepesi wa uwele, kidogokidogo. Jioni mpapase chini ya shingo kwa mbele, kuna kimfuko kinaitwa gole, ndo chakula kinapotulia kwanza. Asubuhi kabla hajala papasa tena, linatakiwa liwe tupu. Likibaki limejaa au gumu, basi chakula hakishuki, acha kumlisha umpeleke kwa bwana mifugo wa kata. Kile kinyesi cha kijani kisikutishe sana saa hizi, kuku mwenye tumbo tupu anatoa kijani hata kama hana mdondo. Akila siku mbili kikabaki vilevile, piga picha uende nayo duka la mifugo. Usinunue dawa kwa kubahatisha, hizo antibaiotiki haziui kirusi, na shubiri watakayokuletea majirani haiponyi mdondo. Mfunue na chini ya mabawa, ukiona chawa waambie hukohuko dukani.

Mama mwenye nyumba mfuate kwa heshima, akiwa ametulia. Mwambie kuku mgonjwa haliwi, alafu muulize kuku wake walichanjwa lini. Ile chanjo ya mdondo ni tone moja jichoni, inarudiwa kila miezi 3, na kichupa kimoja kina dozi nyingi kwahiyo mnaweza kuchangishana na majirani. Jitolee wewe kuwashika. Hapo ataona huruma yako inawajali na wa kwake, nadhani maneno ya kuchinja yataisha. Huyo mgonjwa tu ndo usimchanje mpaka apone.

Ikitokea shingo inapinda, mabawa na miguu inapooza, mwanangu hapo huenda mdondo umeshamkamata na dawa yake hakuna. Mwite bwana mifugo aje aone, na akisema apumzishwe, kubali, usimuache ateseke siku tatu kwasababu wewe hujawa tayari. Azikwe shimo refu au achomwe, asitupwe jalalani mbwa wakamsambaza mtaa mzima.

Hao wanaokucheka waache. Kesho asubuhi kabla hujampa kitu papasa lile gole, alafu niandikie umelikutaje.