Likizo ya familia Krete: anzeni na upepo, hoteli baadaye

Dada, umesema mnaishi Birmingham, watoto watatu, mdogo ana miaka mitatu, na bibi yao anakuja kutoka Tanga kuungana nanyi. Mmeshaamua Krete, kile kisiwa cha Ugiriki, ila kila mnayemuuliza anawatajia hoteli yake. Familia yangu tumekwenda Krete na watoto wa umri kama wa kwenu, kaskazini na kusini, na ushauri wangu ni huu: hoteli iwekeni pembeni kwanza. Chagueni mwezi, kisha upande wa kisiwa, kisha ufukwe. Mkishapata ufukwe, hoteli mtaitafuta karibu nao.

Sababu ni upepo. Mtu wa Tanga haambiwi kwamba kusi na kaskazi ndizo zinazopanga shughuli za baharini. Kule Ugiriki upepo wenye amri unaitwa meltemi. Unatoka kaskazini, unashika hasa Julai na Agosti, na unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo huku mbingu safi, hakuna wingu hata moja. Hapo ndipo wageni wengi wanapokosea hesabu: wanaona jua, wanadhani na bahari imetulia.

Pwani ya kaskazini ndiyo yenye miji mikubwa, yaani Chania, Rethymno na Heraklion, na hoteli nyingi ziko huko. Ndiyo pia inayopokea meltemi uso kwa uso. Rethymno na Georgioupoli zina mchanga mrefu kweli, kilomita na kilomita, na picha zake zinavutia. Lakini upepo ukishika, mawimbi yanavunjikia pale pale anapochezea mtoto, na chini mkondo unavuta miguu. Bendera nyekundu ikipandishwa, msijadiliane nayo, hata mkiona watu wazima wanaogelea.

Watu watawaambia basi nendeni kusini. Ni kweli nusu. Katikati ya kisiwa kuna milima mirefu, vilele vyake vikubwa vinapita mita 2,400, na upepo wa kaskazini ukishavuka huko juu unateremka upande wa pili kwa vishindo. Maji ya ufukweni yanaonekana yametulia, kumbe upepo unasukuma kila kitu kutoka nchi kavu kwenda bahari kuu. Pale Plakias, pwani ya kusini, nilimwona baba mmoja akikimbilia boya la kupuliza la mwanawe, lile kubwa lenye shingo ya ndege. Maji yalimfika magotini, halafu kiunoni, halafu akaanza kuogelea kwa nguvu zote, na boya linazidi kumwacha, linateleza juu ya maji kama halina uzito. Mtoto alikuwa mchangani analia, hakuwemo ndani, alhamdulillahi. Mbele ya boya hakuna kisiwa cha kulizuia, ng'ambo ni Libya. Tangu siku ile kwetu boya la kupuliza haliingii begini. Mdogo wenu mnunulieni jaketi la kuogelea lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, mlinunue huko huko Birmingham na mlijaribu kwenye bwawa kabla ya safari.

Wanaosoma Biblia watakumbuka Matendo ya Mitume sura ya 27. Meli aliyokuwamo Paulo ilitia nanga Bandari Nzuri, upande wa kusini wa Krete, ikaondoka na upepo mwororo wa kusini, na mara ikapigwa na upepo wa tufani ulioshuka kutoka kisiwani. Bandari ile ipo mpaka leo, inaitwa Kaloi Limenes. Mabaharia wa zamani walilijua jambo hili vizuri kuliko vijitabu vya utalii.

Sasa mwezi. Shule za watoto zinawapa wiki moja mwisho wa Mei, kisha likizo ndefu ya Julai na Agosti, kisha wiki moja ya Oktoba. Mwisho wa Mei bahari iko kwenye nyuzi 20 hivi. Watoto wataingia, bibi wa Tanga atawatazama kutoka kwenye kiti. Agosti ni nyuzi 25 au 26, maji matamu, ila kuna meltemi, msongamano na bei ya juu. Oktoba bahari bado ina joto la kiangazi, kama nyuzi 23, watu wamepungua, upepo umelegea. Mvua inaweza kunyesha siku moja moja, na mwisho wa mwezi hoteli nyingi za ufukweni zinaanza kufunga. Mimi ningechagua Oktoba bila kusita. Kama kazi zenu zinaruhusu Agosti tu, Agosti inawezekana, mradi mkae mahali penye kinga.

Na mahali penye kinga ninapopapendekeza kwa mtoto wa miaka mitatu ni eneo la ghuba ya Souda, mashariki ya Chania. Marathi ni ufukwe mdogo kwenye rasi ya Akrotiri, umeupa mgongo upepo wa kaskazini, mchanga laini, na kina kinaongezeka taratibu sana, mtoto anatembea hatua nyingi na maji bado yako chini ya tumbo. Almyrida, ng'ambo ya ghuba, nako hakuna kina, na migahawa iko hatua chache kutoka majini. Karibu zaidi na mji kuna Agii Apostoli, vighuba vidogo vilivyojikunja, vina miti ya kivuli na wenyeji wanakwenda na familia zao. Mkipenda mashariki ya kisiwa, Elounda imefichwa ndani ya ghuba ya Mirabello, ila ni ghali.

Bibi hakika atauliza maji yanajaa saa ngapi. Mwambieni kule kupwa na kujaa karibu hakuna. Maji mnayoyaacha asubuhi mtayakuta pale pale alasiri. Kwa wenye watoto hii ni raha kubwa, mnatandika mkeka jirani kabisa na maji na hakuna wa kuwahamisha. Mama yangu tulipokuwa naye Marathi aliingia na dera lake, akakaa kwenye maji ya kina kifupi. Pembeni bibi watatu wa Kigiriki wamevaa kofia, wamesimama maji ya kifuani wanapiga soga, na hawakutoka mpaka jua lilipokuwa kali. Wakampa ishara asogee, akasogea. Lugha hawakuelewana, lakini asubuhi iliyofuata walimtafuta kwa macho. Hakuna sheria Ugiriki inayomzuia mtu kuogelea amejifunika, kwa hiyo hilo lisiwatie wasiwasi.

Elafonissi kila mtu atawatajia, ule ufukwe wenye mchanga wa rangi ya waridi kusini magharibi. Ni mzuri, sibishi, na maji yake ni ya kina kifupi. Lakini kutoka Chania ni saa moja na nusu ya kona za milimani, na mtoto anayetapika garini atawapa kazi. Ondokeni alfajiri, mfike kabla ya saa tatu asubuhi, muondoke mchana wakati wengine wanamiminika. Mchanga ule hauruhusiwi kuchukuliwa, hata kidogo. Balos, ufukwe mwingine watakaowatajia, nendeni kwa boti kutoka mji wa Kissamos. Barabara yake mwishoni ni vumbi na mawe, na mikataba mingi ya magari ya kukodi haifidii uharibifu wa njia kama ile.

Kama mmechagua upande wa Chania, shukeni uwanja wa Chania. Msivutwe na tiketi nafuu ya Heraklion: ni kilomita 140 hivi, zaidi ya saa mbili na watoto waliochoka. Gari mtalihitaji. Kule wanaendesha kulia, kinyume na Uingereza na kinyume na kwetu. Barabara kuu ya kaskazini ina desturi yake: gari la polepole linasogea pembeni kabisa, nusu nje ya mstari, ili la nyuma lipite. Msishangae, sogeeni. Kiti cha mtoto kiagizeni kwa maandishi mnapokodi gari.

Chakula hakitawasumbua, pweza wa kuchoma na ngisi mtawakuta kila mahali. Samaki wabichi huuzwa kwa kilo, kwa hiyo waambieni wampime na muulize bei kabla hajaingia jikoni. Kwa familia isiyokula nguruwe, jueni kwamba souvlaki (mishikaki) na gyros (nyama ya kuchoma iliyokatwa vipande vyembamba) kwa kawaida ni nguruwe. Ombeni kotopoulo, ndiyo kuku. Mwisho wa mlo mtaletewa matunda au kitu kitamu cha bure pamoja na raki, pombe kali ya kienyeji. Mkikataa kwa adabu hakuna anayekasirika. Watoto wanakaa mezani mpaka saa nne usiku na wahudumu wanawabeba, ni kawaida yao.

Nimalizie na viza, ingawa kwenu ndiyo ianze. Mna pasi za Tanzania, na kibali cha ukaazi cha Uingereza hakiwaingizi Ugiriki. Mnahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na mdogo wenu halipi. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000. Pasi ziwe na uhai wa miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe mkononi. Bibi aombe yake akiwa Tanzania, kwa sababu ombi hupelekwa kutoka nchi unayoishi, na viza ya matembezi ya Uingereza haitamsaidia. Miadi ya kiangazi inajaa mapema sana, kwa hiyo tafuteni tarehe ya miadi kabla ya kulipia tiketi, na hoteli wekeni ile inayoruhusu kughairi.