Barua kwa mwanangu: lile sanduku la gitaa

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Upepo wa Julai umeanza ubishi wake, mama yako analalamikia magoti, lakini Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu akarudi kwa miguu, na njiani akapata nguvu za kugombana na muuza karanga. Usiwe na wasiwasi.

Umeniandikia kwamba lile sanduku gumu la gitaa ulilolitoa uvunguni kwetu Krismasi, yupo bwana huko Arusha amelitazama akasema ni la Martin, kampuni ya magitaa ya Marekani, na anataka kulinunua. Unauliza ni la kampuni gani hasa, na la miaka ipi. Sawa. Ila nina swali kabla ya lako: huyo bwana aliligeuza?

Maana wengi hutazama umbo, wakapapasa kifuniko, wakatafuta jina. Jina halipo, na halikuwepo tangu siku lilipoingia kwenye kibanda changu cha ufundi, Majengo. Maneno yangu umekua ukiyasikia: nembo hubandikwa, bawaba hupigiliwa. Mwenye gundi hubandika jina alitakalo, lakini yule aliyepigilia bawaba kiwandani alikuwa na ribiti zake mbele yake na hakuwa na sababu ya kumdanganya mtu wa Dodoma. Masanduku ya nguo ya Kiingereza niliyoyakarabati, mengi vitasa vyake viligongwa maandishi madogo, Cheney, England. La Marekani ningetazamia kuona Presto, au Eagle, au Excelsior. Ila kile kitasa cha katikati usikitazame kabisa. Ni changu. Cha zamani kilivunjika ulimi, nikaweka kingine kutoka kwenye sanduku la nguo la mwalimu mmoja mstaafu. Kama huyo bwana alikisoma hicho akaanza kutaja nchi, basi ameisoma kazi yangu. Ndiyo maana nasema bawaba. Hakuna aliyewahi kuzigusa zile.

Kuhusu umri, yule mzee jirani anayeshikilia kwamba ni mabaki ya Waingereza wa karanga kule Kongwa, usimsikilize. Mradi ule wa Waingereza wa kulima karanga ulikufa mwaka 1951, na masanduku ya gitaa ya siku zile yalikuwa ya mbao nyembamba au ya boksi gumu lililovishwa kitambaa au ngozi ya bandia. La kwetu ni bamba la plastiki lililopashwa moto likalegea, likavutwa juu ya kalibu mpaka likashika umbo. Plastiki ikivutwa hivyo hukonda kwenye kona, na ndipo letu lilipopasuka, pale karibu na kitako. Tazama ufa: kingo zake zina weupe. Lingekuwa la fiberglasi ungeona nyuzinyuzi zimechomoza. Masanduku ya plastiki ya namna hiyo ni mambo ya miaka ya 1970 na kuendelea, na lilifika mkononi mwangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katikati ya hapo ndipo lilipozaliwa. Hilo nalisema bila kubabaika.

Sasa hiyo Martin. Hao wa Nazareth, Pennsylvania, wanatengeneza magitaa tangu 1833, na kwa miaka mingi masanduku walinunua kwa watu wengine, akina Geib na Harptone, kama Gibson, kampuni nyingine ya magitaa, walivyonunua kwa Lifton. Kwa hiyo masanduku mawili ya fundi mmoja yanaweza kubeba magitaa ya viwanda viwili. Haya ya Martin ya plastiki ya miaka ya 1970 yanajulikana kwa rangi ya buluu, na mdogo wako amenionesha picha zake kwenye simu. La kwetu ni jeusi, utasema. Weusi huo usiuamini wote. Sehemu kubwa ni dawa ya viatu ya baba yako mkubwa.

Kisa hicho unakijua nusunusu, na nusu unayoijua ni ile ya mama yako.

Sanduku lilikuja kwangu kushonwa mkono wa kubebea. Aliyelileta tulimwita Mkanada, lakini siku zile kila Mzungu aliyevaa kaptula na kushika ramani tulimwita Mkanada, kwa sababu ule Mpango Mkuu wa makao makuu ya nchi hapa Dodoma, wa mwaka 1976, uliandaliwa na kampuni ya Toronto. Angeweza kuwa Mwaustralia wa misheni ya Mvumi. Alikuwa mtu wa maneno machache na hakuuliza bei mara mbili. Alipofunga mizigo kurudi kwao alikuja tena, akaniachia gitaa na sanduku lake kwa fedha yote niliyokuwa nayo na begi la ngozi nililokuwa nimemshonea mtu mwingine. Huyo mtu mwingine nilimshonea jipya, usihesabu hilo.

Nililipiga gitaa lile kwenye kwaya. Nyuzi zilipokatika nilitia waya wa breki ya baiskeli, maana madukani hata sabuni ilikuwa hadithi, sembuse nyuzi za gitaa. Sauti ilikuwa kali mno, wazee wa kanisa wakakunja nyuso, vijana wakajaa.

Halafu nikaenda Mpwapwa kwenye msiba wa shangazi. Katika mahari ya mama yako walikuwa wamebaki ng'ombe wawili, na babu yako mzaa mama alikwisha kutuma neno kwamba hangoji mvua nyingine. Bendi moja ilikuwa inapita kwenda Singida, mpiga gitaa wao chombo chake kimevunjika shingo. Baba yako mkubwa akatoa langu. Kwanza alilipaka sanduku dawa nyeusi ya viatu, akalisugua kwa soksi mpaka likang'aa, kisha akamtajia yule kijana bei mbili: gitaa bei yake, sanduku bei yake. Kijana akalipa ya gitaa, ya sanduku akakataa. Majirani waliniambia jinsi lilivyoondoka: ndani ya gunia la mkonge, shingo imechomoza nje, limefungwa kwa kamba juu ya keria ya basi pamoja na kuku. Mimi nilirudi nikakuta sanduku limewekwa sebuleni, linang'aa, na ndani yake ile kanga ya bibi yako imekunjwa vizuri.

Nilikaa bila kusema na baba yako mkubwa mpaka harusi. Kwenye harusi ikanibidi kusema, maana ndiye aliyesimama upande wangu.

Aliuza kisicho chake. Hilo halina mjadala. Lakini mahari nayo haikuwa yake, na aliihangaikia kuliko mimi niliyekuwa napiga nyuzi za breki kila Jumamosi jioni. Lakini angeniuliza! Angeniuliza ningekataa, hilo analijua, ndiyo maana hakuniuliza. Halafu kutaja bei mbili, hapo ndipo roho inaponichoma mpaka leo; angempa yule kijana na sanduku, gitaa lisafiri kwa heshima. Tena kama angempa, leo usingekuwa na cha kuniuliza. Nimeligeuza jambo hili huku na huku miaka yote, na mama yako husoma barua zangu kabla sijazifunga, kwa hiyo hukumu ya baba yako mkubwa siitoi.

Nilitaja kanga. Hiyo nayo ni ushahidi, na huyo bwana wa Arusha hana habari nao. Gitaa lile lilikuwa linacheza ndani ya sanduku. Ilinibidi kulikaba kiunoni kwa kanga lisigonge kuta. Chombo cha kiwandani hulala kwenye sanduku lake kama mguu kwenye kiatu chake. Gitaa langu lilikuwa la klasiki, na magitaa hayo pale panapo upana zaidi huwa na kama sentimita 37. Pima ndani ya sanduku. Ukikuta nafasi ya gitaa lenye kama sentimita 40, na kiuno kipana kisichobana sana, basi liliundwa kwa lile umbo wanaloliita dreadnought. Umbo hilo lilitoka kwa Martin, kweli, lakini walioliiga ni wengi mno, Marekani, Japani, na kwingineko, kwa hiyo upana peke yake hauthibitishi kitu. Mgongo wa sanduku ni bapa, basi hata Ovation, wale wenye magitaa ya mgongo wa bakuli, tuwaondoe.

Kwa hiyo unaona: yule Mkanada wetu, kama ni Mkanada, naye alilipata sanduku kwingine. Gitaa lake halikuzaliwa nalo.

Sasa rangi. Mimi nakumbuka lilikuwa kijivu cha giza. Mama yako anasema buluu, na anasema kwa sauti ile unayoijua. Amelala na sanduku hilo uvunguni muda mrefu kuliko mimi nilivyolitazama, labda yuko sahihi. Lakini aliliona limekwisha kupakwa dawa, ataionaje buluu? Inua mkono wa kubebea utazame pale unapolalia, jua halijafika hapo wala soksi ya baba yako mkubwa haikufika. Kisha fungua kile kijisanduku cha nyuzi ndani, chini ya shingo ya gitaa, utazame bitana chini ya kifuniko chake, nako rangi haijapauka. Usimwambie huyo bwana kabla hujaniambia mimi.

Ukinibana sana nina ninalolifikiri. Lakini nikilisema wewe utalisema kwake, yeye ataliandika kwenye karatasi na kulibandika, na unajua ninavyosema kuhusu vya kubandikwa.

Akitaka kulinunua kama sanduku la zamani lenye ufa, mpatane bei, ni lako. Akitaka kulinunua kama Martin, alete la Martin analolijua, ayalaze yote mawili kifudifudi, alinganishe bawaba na ribiti, na wewe uwepo. Picha za bawaba nitumie kwenye simu ya mdogo wako. Upige mchana, nje, na uweke sarafu ya shilingi mia kando nione ukubwa.

Baba yako