Tausi wa Kongo: kuku wako wakae mbali

Ndugu, nataka jozi moja ya kupamba hoteli yangu Goma. Bei gani?

Swali hili linanifikia kila mara, na jibu ni lile lile: hauzwi. Porini yumo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake, na sheria inamlinda. Anayekuletea kwenye tenga amemtoa msituni kwa mtego, nawe utakuwa umemlipa akatege tena. Tafuta tausi wa Kihindi. Hao hufugwa kila mahali.

Nilimwona dume Ulaya, hana mkia mrefu. Anaumwa?

Haumwi, ndivyo alivyo. Dume ni buluu iliyokolea, ana nywele nyeupe utosini na shingo nyekundu isiyo na manyoya. Jike ni hudhurungi, mgongo kijani. Hata wataalamu walipotea: James Chapin, mtaalamu wa ndege Mmarekani, alipata unyoya wake kwenye msitu wa Ituri, Kongo, mwaka 1913, asijue ni wa ndege gani mpaka 1936 alipowakuta wawili waliokaushwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, wameandikwa kuwa ni tausi wa Kihindi wachanga!

Dume mmoja kwa majike watatu?

Hapana. Hawa huishi wawili wawili.

Ninahudumia ndege kwenye bustani ya wanyama. Kuna ubaya kuwachanganya na kuku?

Ubaya mkubwa, na inaniuma kwamba swali hili bado linaulizwa. Kuku hubeba minyoo midogo ya utumbo, na ndani ya mayai ya minyoo hiyo mna kijidudu kinachoshambulia ini. Kuku anaweza kukibeba asioneshe dalili, tausi anakufa. Mayai hayo hukaa udongoni miaka, kwa hiyo hata banda la kuku lililohamwa jana halifai. Viatu vya kwenye kuku visiingie kwa tausi. Wala usiwape kuku mayai ya tausi wayaatamie, hata kama mwenzako amekuambia ni njia rahisi.

Jike wetu anaangusha mayai chini.

Mmemnyima pa kutagia. Mjengeeni jukwaa dogo juu, mita moja na nusu hivi. Hutaga mawili mpaka manne, huyaatamia mwenyewe karibu wiki nne, dume akilinda. Msimchungulie kila saa.

Tunaye kaka na dada. Tuwapandishe?

Msithubutu. Wote walioko mabandani wametokana na wazazi wachache, na damu imeshakaribiana mno. Kitabu cha nasaba yao kinatunzwa kwenye bustani ya wanyama ya Antwerp, Ubelgiji. Mwombeni mkuu wenu aandike huko, dume mwingine atafutwe kabla ya msimu wa kutaga.