Kabla Hujanunua Drayer

Nilianza kusuka Kenyatta Market, hapa Nairobi, nikiwa msusi wa nne kwenye kichwa kimoja. Wanaopajua pale wanaelewa: mteja hajashuka vizuri kwenye matatu, wasusi wamekwisha kumzunguka, na punde si punde ameketi, mikono minane inakwenda kichwani mwake na moshi wa nyama choma unapita juu. Kasi niliipata huko. Kuendesha saluni nilijifunzia kwangu, mtaa wa Umoja, na karo yake niliitoa kwenye mtaji.

Siku hizi wadogo zangu wanaotaka kufungua saluni wakija kuniuliza wanunue drayer gani, ile mashine ya kukaushia nywele, nami huwauliza: unataka kuuza nini? Hujibu, "Nywele." La. Nywele mteja anaweza kuzinunua mwenyewe River Road au Dubois, tena pengine kwa bei nzuri kuliko yako. Wewe unauza saa za kiti. Kichumba cha mtaani kinabeba viti viwili, vikizidi vitatu, na siku haiongezeki. Pima kila njia ya kuunga nywele kwa kipimo hicho.

Chukua rasta ndogo zisizo na fundo, hizi ambazo kila msichana anazitaka. Mtu mmoja akizisuka peke yake anaweza kumaliza saa 6. Ukitoza shilingi 2,000 kwa kazi ya mkono, umepata kama shilingi 333 kwa saa. Kroshet, yaani nywele za bandia zinazopitishwa kwa ndoano kwenye mistari, ikiwa ya shilingi 1,000 na ikaisha kwa saa 2 imekupa 500 kwa saa, na kiti kiko wazi tena kabla ya chakula cha mchana. Sisemi uache rasta, maana ndizo zinazokuletea jina. Nasema usizitoze bei uliyoisikia kwa jirani kabla hujaketi na saa ukutani ukajua mkono wako unakwenda mwendo gani.

Hizo zisizo na fundo zina sababu ya kupendwa. Rasta za kawaida hufungwa kwenye shina tangu mwanzo, uzito wote ukaning'inia hapo. Zisizo na fundo huanza na nywele za mteja mwenyewe, kisha unaongeza za bandia kidogo kidogo unaposhuka, kwa hiyo ngozi inavutwa kidogo. Lakini hata hizi ukizikaza, au ukaweka rasta nene kwenye kijifungu chembamba cha nywele, utang'oa tu. Hapa Nairobi tumezoea mzaha wa mteja kumeza Panadol baada ya kusukwa. Mimi niliucheka mzaha huo mpaka bibi harusi mmoja aliporudi siku ya tatu na vipele vyeupe vimepanga mstari kwenye paji lote. Nilikuwa nimekaza ili zikae nadhifu kwenye picha. Nilifumua bure na kuomba radhi, na yule dada hakurudi tena. Nywele za mbele zikivutwa hivyo mwaka baada ya mwaka hukatika, na mwishowe shina hufa. Pakishafika hapo hakuna mafuta ya kuzirudisha, hata muuzaji aape vipi.

Kwa hiyo mteja akiketi, kabla ya kuulizia mtindo, mpapase pembeni mwa paji na nyuma ya masikio. Pakiwa pembamba, mwambie ukweli na umpe mistari laini, au wigi la kuvaa na kuvua. Atanuna. Nimewahi kumkatalia mtu akaenda saluni ya ng'ambo ya barabara, wakamsuka vilevile alivyotaka.

Kroshet ndiyo rafiki wa saluni changa. Unasuka mistari chini, unapitisha nywele kwa sindano yenye ndoano, basi. Kazi yote iko kwenye mistari: ikiwa minene, kichwa kitafura kama mto. Wivi ya kushona, nywele za bandia zilizopangwa kwenye utepe, nayo hukaa juu ya mistari, kwa uzi na sindano iliyopinda. Shona kwenye mstari, usishone kwenye ngozi. Ya gundi mimi niliiacha. Ni ya haraka, ndiyo, lakini gundi ikigusa nywele hutoka nazo, na wapo watu ambao ngozi yao huikataa kabisa. Zile zinazobandikwa kwa tepu au kubanwa kwa vipete vidogo ziache kwanza. Zimetengenezwa zaidi kwa nywele zilizonyooka, na wateja wetu hupaka mafuta kichwani. Mafuta na tepu havikai nyumba moja.

Jambo dogo lililonipunguzia lawama: mteja akisema rasta humwasha, mara nyingi ni dawa iliyopakwa kwenye nywele za bandia kiwandani. Ziloweke usiku kwenye maji yenye siki kidogo, uzisuuze, uzianike. Na maji ya moto ya kuchovyea ncha za rasta yaweke kwenye chombo kipana kisichopinduka, mbali na watoto wanaomngoja mama yao. Hapo usifanye ajizi.

Sasa hiyo drayer. Ya mkono yenye wati 2,000 ikiwaka saa nzima inakula yuniti 2 za stima. Andika hilo ukutani, kisha usikilize vizuri mwenye nyumba akikwambia mita ni ya pamoja na duka la pili. Uliza pia maji huja siku gani. Kwetu kuna siku mfereji hautoi tone, na huwezi kumwosha mtu dawa ya nywele kwa maji ya kuombaomba. Nunua mitungi kabla ya kioo kikubwa.

Ukidaiwa gudwili, ile pesa ya kuachiwa chumba, kwenye chumba cha barabarani, jua kwamba si amana, ukihama hairudi. Mimi nililipa nikidhani ni amana, nikagundua siku ya kuondoka. Kibali cha kaunti kikate mapema na ukitundike ukutani, usije ukafungiwa Jumamosi mteja akiwa na nusu kichwa.

Wasaidizi wengi hulipwa kwa kugawana, mara nyingi nusu kwa nusu. Sawa, lakini nusu ya nini? Mwezi wangu wa kwanza tuligombana na msusi wangu kwa sababu mimi nilitoa kwanza gharama ya nywele, naye alihesabu pesa yote aliyolipa mteja. Hakuna aliyekuwa mwizi; hatukuwa tumesema. Pesa zote zipitie kwenye till, yaani namba ya malipo ya saluni, msigawane kwa simu ya mtu.

Desemba utasuka hadi usiku wa manane, na Januari, karo zikishalipwa, utakaa ukihesabu magari. Usile Desemba yote.

Tena uwe na daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari, ila langu halina pesa peke yake. Naandika jina, aina ya nywele, siku niliyosuka, na hali ya nywele za mbele. Wiki ya sita napiga simu: "Mama, zimekaa vya kutosha, njoo tufumue." Kufumua natoza kidogo tu. Akishaketi, kichwa kimepumua, mara nyingi haondoki bila kusukwa tena.