Jibu: Ndege wangu wa mti wanapasuka baada ya wiki

Habari mzee mwenzangu. Umesema umeacha kilimo, umeanza kuchonga ndege, na kila ukimaliza mmoja anapasuka kifuani ndani ya wiki. Gogo lako sijaliona, ila angalia kwanza moyo wa mti: je, kile kiini cha katikati kimo ndani ya ndege? Kama kimo, patasi yako haina kosa. Gogo zima linaponywea, nje hukauka kabla ya ndani, na ufa huelekea kwenye kiini.

Mimi pia nililima miaka mingi, na nilipasua vinyago vitano kabla ya kushika akili. Sasa napasua gogo bichi vipande viwili, natupa kiini, napaka nta au rangi nzito kwenye ncha zote mbili, kisha naliweka kivulini. Juani usithubutu! Kila wiki nalipima kwenye mizani. Uzito ukiacha kushuka, naanza kumalizia. Ubao mnene huchukua karibu mwaka kwa kila milimita 25.

Ukichonga mti ungali mbichi, jioni mfunge ndege kwenye mfuko wa plastiki pamoja na maranda yake, asikauke haraka.