Ushahidi kwamba Yesu aliishi: mimi naanza na Yakobo

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili: nje ya Biblia ni nani aliyemwandika Yesu, na kama Warumi walikuwa hodari wa kutunza kumbukumbu, mbona hakuna faili la kesi yake. Majibu mengi yaliyotangulia ni watu kurushiana maneno ya dini, swali lenyewe limeachwa palepale. Nitajibu kwa urefu maana swali hili nimeishi nalo miaka mingi. Mimi ni Mkristo, nalisema mapema ili mnipime vizuri, na nimefundisha historia sekondari kwa miaka 19.

Siku moja nilikuwa darasani nafundisha Maji Maji. Nilieleza tunavyomjua Kinjeketile Ngwale: Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, na mengi tunayojua juu ya vita vile yalikusanywa kwa wazee mwaka 1968, wakati wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walipopelekwa vijijini kuwasikiliza. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, na Yesu je? Yeye tunamjuaje?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, aliandika kuwa Yesu alikuwa Kristo na kwamba aliwatokea wafuasi wake siku ya tatu akiwa hai. Wiki iliyofuata kijana akaja na karatasi alizochapisha mjini. Zilionyesha kwamba aya ile imetiliwa shaka na wataalamu kwa karne nyingi. Nilizisoma usiku ule nikaona kijana ana haki. Kesho yake nilimwambia hivyo mbele ya wenzake, na ndipo nikaanza kusoma kwa dhati.

Aya ile iko kitabu cha 18 cha Mambo ya Kale ya Wayahudi, kazi aliyoimaliza Josephus mwaka 93 au 94. Tatizo lake ni hili: Origen, mwandishi Mkristo wa karne ya 3, alikisoma kitabu hicho na akasema wazi kwamba Josephus hakumwamini Yesu kuwa Kristo. Sasa asiyeamini ataandikaje "huyu alikuwa Kristo"? Wakristo walionakili kitabu kwa mkono waliongeza maneno. Wengi wa wataalamu wanaona chini ya nyongeza kuna maneno yake mwenyewe, na Agapius, askofu wa karne ya 10 aliyeandika kwa Kiarabu, anaitaja aya hiyo ikiwa imepoa: Yesu huenda alikuwa Kristo. Hata hivyo mimi siijengi hoja juu ya ukuta uliokwisha kuguswa. Nasogea hadi kitabu cha 20.

Huko Josephus hazungumzii Yesu. Anasimulia habari za kuhani mkuu aitwaye Ananus. Mwaka 62 Festo, liwali wa Kirumi wa Yudea, alikuwa amefariki, na liwali mpya, Albinus, alikuwa bado yuko njiani. Ananus akatumia pengo hilo kuitisha baraza, akawahukumu watu kadhaa wapigwe mawe. Mmoja wao ni Yakobo, na Josephus anamtambulisha hivi: ndugu yake Yesu aitwaye Kristo. Watu wa mji walioshika sheria kwa makini walichukizwa, wakalalamika, na Ananus akavuliwa ukuhani mkuu baada ya miezi mitatu tu.

Tazameni anavyomtambulisha. Sisi kijijini tukitaka kumweleza mtu asiyefahamika tunasema "mdogo wake fulani", na huyo fulani lazima awe anajulikana, vinginevyo hujaeleza kitu. Josephus anadhani msomaji wake ameshasikia habari za Yesu aitwaye Kristo, ndiyo maana anamtumia kumtofautisha Yakobo huyu na akina Yakobo wengine waliojaa Yerusalemu. Hakuna sifa ya imani wala muujiza, ni kitambulisho tu. Mkristo mwenye nia ya kuchomeka maneno asingeandika "aitwaye Kristo" kikavu namna ile. Na Josephus hakuwa mtu wa mbali: alizaliwa mwaka 37 katika ukoo wa kikuhani wa Yerusalemu, na Yakobo alipouawa alikuwa kijana wa miaka 25 hivi.

Sasa chukueni Wagalatia sura ya 1. Huu ni waraka wa Paulo, wa miaka ya 50, kabla ya Injili zote nne, na hata wataalamu wasioamini chochote wanakubali kwamba ni wake kweli. Anasema alikwenda Yerusalemu akakaa na Kefa, yaani Petro, siku 15, na mtume mwingine hakumwona "ila Yakobo, ndugu yake Bwana". Safari hiyo ilikuwa miaka michache tu baada ya msalaba. Halafu someni sura ya 2: watu waliotoka kwa Yakobo walifika Antiokia wakazua mzozo wa kula pamoja na watu wa mataifa, na Paulo akamkemea Kefa uso kwa uso. Paulo hakuwa mpambe wa Yakobo. Heshima ya Yakobo ilitokana na udugu wake na Yesu, na ilimbana Paulo. Kama Yesu angekuwa hadithi ya kutungwa, hapo ndipo pa kusema "huyo hana kaka yeyote". Hakusema, kwa sababu alikuwa ameshakaa naye.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba "ndugu" ni mwamini mwenzako tu, kama tunavyoitana kanisani. Hoja hiyo naiheshimu, maana Kiswahili chetu kinairuhusu, na Paulo naye huwaita waamini wote ndugu. Lakini Kefa naye alikuwa mwamini, mbona yeye haitwi ndugu wa Bwana? Katika 1 Wakorintho 9:5 Paulo anawataja ndugu wa Bwana kando, na Kefa kando. Ni kundi maalumu. Kama walizaliwa tumbo moja, au ni watoto wa mama mdogo kama ndugu zetu Wakatoliki wanavyofundisha, kwa swali hili haibadilishi kitu. Ni damu.

Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, nampitia haraka kwa kuwa kila mtu anamtaja. Aliandika yapata mwaka 116, akieleza moto wa Roma wa mwaka 64 na jinsi kaisari Nero alivyowasingizia Wakristo. Anasema aliyewapa jina hilo, Kristo, aliuawa na Pontio Pilato wakati wa utawala wa Tiberio. Anauita ukristo ushirikina mbaya, kwa hiyo hakuwa akitusaidia. Udhaifu wake ni kwamba hasemi habari hiyo aliitoa wapi. Plinio, liwali wa Bithinia, alimwandikia kaisari Trajan mwaka 112 hivi kwamba Wakristo humwimbia Kristo kama mungu. Huo ni ushahidi wa Wakristo kuliko wa Kristo.

Twende kwenye faili. Baba wa babu yangu alikufa Umatumbi katika vita vya Maji Maji. Mimi na binamu yangu tuliwahi kulisaka jina lake katika nyaraka za wakati wa Wajerumani, hatukupata hata herufi. Tulichonacho ni kaburi la mdogo wake, na simulizi za bibi aliyelelewa na mdogo wake huyo. Hiyo ni miaka mia na kidogo tu, chini ya serikali iliyokuwa na mashine za kuchapa.

Kwa Yudea ni zaidi. Kumbukumbu za ofisi ya maliwali wale hazikutufikia, si za Yesu tu, za mshitakiwa yeyote yule. Pilato mwenyewe alitawala miaka kumi, kuanzia mwaka 26 hadi 36, na hadi mwaka 1961 hapakuwa na jiwe hata moja lililojulikana lenye jina lake. Mwaka huo wachimbaji Waitaliano walilipata Kaisaria, limegeuzwa kuwa kipande cha ngazi katika ukumbi wa maonyesho. Josephus anasema Warumi waliwahi kusulubisha watu wapatao 2,000 kwa mara moja baada ya kifo cha Herode, lakini Yerusalemu umepatikana mfupa wa kisigino mmoja ukiwa bado na msumari, mwaka 1968. Ikiwa liwali alibakiwa na jiwe la ngazi, fundi wa Nazareti mnamtakia faili gani?

Kwa hiyo wanaosambaza "hukumu ya Pilato" na "barua ya Lentulus" inayoeleza nywele na macho ya Yesu, naomba muache. Niliwahi kupewa barua hiyo kwenye kijikaratasi nje ya kanisa, na aliyenipa alikuwa mtu mwema. Hapakuwahi kuwa na liwali wa Yudea aitwaye Lentulus. Ni maandishi ya kughushi ya zama za kati. Kijana akigundua umemlisha hicho, hata Wagalatia hatakusikiliza.

Ndugu zangu Waislamu, kuwepo kwa Isa hatubishani. Tunapishana msalabani, kwa aya ya 157 ya Surat An-Nisaa, na hilo lina uzi wake. Nami sijasema Josephus anathibitisha ufufuo. Hathibitishi. Nimejibu kilichoulizwa, kama mtu huyo alitembea duniani.

Anayeona hoja yangu ina tundu, naomba asianze na Tacitus. Anieleze Yakobo alikuwa ndugu wa nani.